Kifua, Ute na Faragha: Mwongozo Kamili wa Mapenzi na Afya ya Uzazi kwa Mwanamke Mwenye Sistiki Fibrosisi

Nilipokuwa na miaka 19, daktari wangu wa mapafu aliijua rangi ya makohozi yangu kuliko mama aliyenizaa. Aliuliza nakohoa mara ngapi usiku, choo kinaelea au kinazama, kilo zimepungua ngapi. Akamaliza, akafunga faili, akasema, "Una swali?" Nikajibu sina. Nilikuwa nalo, tena limenikaa kooni: kila nilipokuwa na mpenzi wangu kitandani, kikohozi kikianza, mkojo ulinitoka. Nilidhani duniani niko peke yangu.

Kumbe mkojo kuvuja wakati wa kukohoa ni jambo la kawaida mno kwa wanawake wenye sistiki fibrosisi, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita CF tu. Kimya kilichopo kina historia yake. CF ilipoelezwa kitabibu mwaka 1938, watoto wengi waliozaliwa nayo hawakufika umri wa kuanza shule. Taarifa ya kwanza ya mwanamke mwenye CF kupata mimba ilichapishwa mwaka 1960. Kliniki zetu zilijengwa kwa ajili ya watoto. Nani aliwaza kwamba siku moja mtoto huyo atakuwa mwanamke wa miaka 35 anayetaka kujua mkao gani haumbani kifua? Kwa hiyo usisubiri kuulizwa. Andika maswali yako kwenye simu, na daktari akisema "una swali?", mpe simu asome. Mimi nafanya hivyo hadi leo. Mdomo ukiwa mzito, kidole kinaandika.

Hatua ya 1: Jua kinachoendelea ndani

CF inatokana na hitilafu kwenye jeni iitwayo CFTR, iliyoko kwenye kromosomu ya 7 na kugunduliwa mwaka 1989. Jeni hiyo hutengeneza protini inayopitisha chumvi na bikaboneti kutoka ndani ya seli kwenda nje, na maji hufuata. Protini isipofanya kazi, ute unakosa maji na kuwa mzito. Mapafuni tunaujua uzito huo kwa kukohoa, kwenye kongosho tunaujua kwa vidonge vya vimeng'enya tunavyomeza kila mlo. Kitu ambacho hatuambiwi ni kwamba protini hiyohiyo inafanya kazi kwenye mlango wa kizazi.

Kwa mwanamke asiye na CF, siku za yai kupevuka ute wa mlango wa kizazi hulegea, ukiushika kwa vidole viwili unavutika kama ute wa yai bichi. Wetu mara nyingi hubaki mzito na mkavu mwezi mzima. Mbegu za mwanamume zinapita kwa shida, na wewe mwenyewe unaweza kuhisi ukavu hata ukiwa na hamu. Ukavu huo usiusome kama dalili kwamba humpendi mwenzako, na yeye usimwache ausome hivyo.

Sasa shika hili vizuri, kwa sababu limewaponza wengi: ute mzito si ugumba. Kwa kawaida ovari zetu ziko sawa, mirija iko sawa, mji wa mimba uko sawa. Wanaume wenye CF ndio ambao karibu wote, asilimia 97 au zaidi, huzaliwa bila mirija ya kupitisha mbegu au ikiwa imeziba. Habari hiyo ya wanaume ikachanganywa na yetu. Mhudumu mmoja aliniambia kwa kujiamini kabisa, "Nyie hamzai," nami nikaishi na neno hilo miaka minne bila kinga yoyote. Bahati tu.

Tangu zilipokuja dawa zinazorekebisha protini ya CFTR, ambazo kliniki nyingi huziita modyuleta, habari imebadilika zaidi. Ile ya dawa tatu kwa pamoja, inayouzwa kwa jina la Trikafta huko Marekani na Kaftrio huko Ulaya, iliidhinishwa Marekani mwaka 2019. Mwaka uliofuata, idadi ya mimba kwa wanawake wenye CF nchini humo ilikaribia maradufu. Ute unalegea mapafuni na unalegea pia huko chini, wakati mwingine ndani ya wiki chache. Ukianzishiwa modyuleta, siku hiyohiyo amua kuhusu mimba: unaitaka au huitaki. Usiseme "tutaona".

Hatua ya 2: Fuatilia hedhi pamoja na kifua

Wasichana wenye CF, hasa waliokuwa wembamba sana, huweza kuvunja ungo kwa kuchelewa, na uzito ukishuka hedhi inaweza kuruka au kukatika. Hilo ni la kumweleza daktari, maana mifupa nayo inategemea homoni zinazoendesha hedhi.

Chukua kalenda yoyote. Weka alama siku ya kwanza ya hedhi, na kila siku andika neno moja kuhusu kifua: kizuri, kizito, kibaya. Baada ya miezi mitatu angalia. Baadhi yetu tunaona mpangilio: kifua kinachafuka siku za yai kupevuka au siku chache kabla ya damu. Estrojeni ina mkono wake katika hili, kwani imeonekana kumsaidia Pseudomonas, bakteria anayeshambulia mapafu yetu, kujifunika kwa ute mzito unaomkinga. Ukishajua siku zako mbaya, unaongeza usafishaji wa kifua siku hizo, na miadi ya mapenzi unaisogeza mbele. Wachache hukohoa damu wakati wa hedhi. Ukiwa mmoja wao, daktari wa mapafu na wa wanawake wazungumze wao kwa wao.

Hatua ya 3: Andaa mwili kabla

Watu husema mapenzi yakipangwa yanapoteza utamu. Wana mapafu mazima hao. Sisi tukipanga, tunapata muda wa kufurahi badala ya kuhangaika na pumzi. Hesabu kurudi nyuma kutoka saa unayoitaka.

Saa mbili kabla, maliza kula. Tumbo likijaa, kiungulia na kikohozi vinapanda pamoja, na wenye CF wengi tuna asidi inayorudi kooni. Meza vimeng'enya vyako kwa dozi kamili na chakula hicho. Gesi na tumbo kukata katikati ya mahaba havipendezi, na mara nyingi chanzo chake ni vidonge viwili ulivyovisahau mezani.

Saa moja kabla, safisha kifua. Kama unavuta maji ya chumvi kwa nebulaiza, ile mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta, yavute mapema kiasi hiki na si dakika za mwisho, kwa sababu yanachokoza kikohozi kwanza ndipo yanaleta nafuu. Kohoa mpaka uchoke, toa kilichopo, piga mswaki, sukutua. Pumzika. Usafishaji wa kifua ni kazi ngumu, na ukiruka moja kwa moja kitandani utafika umeishiwa.

Dakika 15 hivi kabla, kama daktari amekuandikia dawa ya kupanua njia za hewa, vuta dozi yako kama ambavyo ungeivuta kabla ya mazoezi. Nenda chooni ukamalize mkojo wote. Weka karibu na kitanda: maji, tishu, chombo chenye kifuniko cha kutemea, taulo lililokunjwa, kilainishi. Kama una kisukari cha CF na unatumia insulini, pima sukari na uweke juisi au glukosi mahali mkono unapofika. Mapenzi ni mazoezi, na sukari hushuka bila kubisha hodi. Kutetemeka na jasho baridi usivichukulie kuwa ni msisimko.

Kama una mpira wa kulishia tumboni, simamisha chakula, safisha mpira kwa maji, ufunge, kisha uufiche chini ya fulana ya kubana au mkanda laini. Mpira mpya uache kidonda kipone kwanza. Kama una poti, kile kifaa kidogo cha kupitishia dawa mshipani, chini ya ngozi ya kifua, isibebe uzito wa mtu, na ikiwa imechomekwa sindano, mikono ya mwenza ikae mbali na upande huo.

Kwa wanaotumia oksijeni: usiivue. Vaa mrija wa puani, tumia bomba refu, lipitishe nyuma ya kichwa lisinase. Mishumaa isiwashwe. Najua inapendeza, lakini oksijeni na moto havilali chumba kimoja. Mafuta mazito ya petroli nayo yaache kabisa: karibu na oksijeni ni hatari ya moto, na kwenye kondomu ya mpira yanaipasua.

Hatua ya 4: Chagua mkao kwa pumzi

Kanuni ni moja. Kifua kisikandamizwe na tumbo lipate nafasi ya kupanda na kushuka. Mkao wa mwanamke chali na mwanamume juu, ambao wengi huuchukulia kuwa ndio wa kawaida, kwetu mara nyingi ndio mbaya kuliko yote, kwa sababu unalala tambarare na uzito unakuja palepale unapohema.

Jaribu kulala ubavu, mwenza akiwa nyuma yako, mto mmoja chini ya kichwa na mwingine ukiukumbatia. Hauhitaji nguvu nyingi na unaweza kukaa nao muda mrefu. Kukaa juu yake kunakupa usukani wa kasi na kina, ila unatumia nguvu zaidi. Ukichoka, mlalie kifuani mkiwa mmetulia, au yeye akae kwenye kiti imara, wewe juu, mikono mabegani mwake. Ukipenda kuwa chali, jaza mito mgongoni mpaka uwe nusu umekaa. Kupiga magoti ukiwa umeegemeza mikono na kifua kwenye rundo la mito ukingoni mwa kitanda kunawafaa baadhi, lakini kwa wengine makohozi huteremka na kikohozi kikaanza, kwa hiyo ujaribu siku ambayo kifua ni chepesi.

Kisha kuna siku ambazo hakuna mkao utakaofaa. Siku hizo mikono, midomo, kukandana mgongo, kuoga pamoja bila mvuke mwingi, vyote ni mapenzi. Mwanamke anaweza kufika kileleni bila kuingiliwa, na wengi ndivyo wanavyofika, wenye CF na wasio nayo. Kujigusa mwenyewe, ukiwa peke yako na bila haraka, ndiyo njia rahisi ya kujua pumzi yako inafika wapi na nini kinakuchelewesha, kabla hujalazimika kumweleza mtu mwingine.

Hatua ya 5: Kikohozi kikija katikati

Kitakuja. Kufika kileleni hubadilisha pumzi ghafla, na kucheka pia. Kubalianeni mapema ishara moja: mimi nagonga bega mara mbili. Mwenzangu anatoka taratibu, ananikalisha, ananishikia chombo, anatazama pembeni. Hasemi "pole, pole, pole" mara kumi. Nikimaliza nakunywa maji, tunaendelea au hatuendelei. Mara ya kwanza alishtuka akataka kuita gari la wagonjwa, sasa huwa ananiuliza tu, "Ni kile cha kawaida?"

Kisicho cha kawaida ni hiki: damu kwenye makohozi inayozidi kijiko cha chai, maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa kifua, au kukosa pumzi kusikotulia hata baada ya kupumzika. Hapo mapenzi yameisha kwa leo. Piga simu kwa timu yako au nenda hospitali, hata kama ni saa nane usiku na unaona aibu kusema ulikuwa unafanya nini. Nenda haraka zaidi kama damu inaendelea kutoka.

Sasa mkojo. Chini ya kibofu kuna misuli iliyotandazwa kama chandarua kutoka mfupa wa mbele hadi wa nyuma. Kila kikohozi kinaupiga chandarua hicho teke, na sisi tumekohoa tangu utotoni. Dawa yake ni kuuwahi. Fanya hivi sasa hivi ukiwa umekaa: kaza kama unayezuia ushuzi usitoke mbele za watu, kisha kaza mbele kama unayekata mkojo, vuta vyote juu. Tumbo na matako visikaze, na pumzi isisimame. Shikilia hadi sekunde 10, achia kabisa, rudia mara 10. Halafu fanya mara 10 za harakaharaka, kaza na kuachia. Mara tatu kwa siku. Usifanyie mazoezi haya ukiwa unakojoa kweli, yanavuruga kibofu. Baada ya siku chache, ongeza jambo lenye faida kubwa: ukihisi kikohozi kinakuja, kaza kwanza, ndipo ukohoe, na usiachie mpaka kipite. Mwanzoni utasahau mara tisa kwa kumi. Matokeo yanahitaji takriban miezi mitatu.

Tahadhari moja ambayo vijarida vingi huisahau: kama tatizo lako ni maumivu wakati wa kuingiliwa, kama vile mlango umefungwa, huenda misuli hiyo imekaza kupita kiasi na haijui kulegea. Mazoezi ya kukaza yatakuumiza zaidi. Tafuta mtaalamu wa fiziotherapia ya nyonga akupime kwanza.

Hatua ya 6: Ukavu na fangasi

Kwa ukavu, kilainishi kitumike kila mara na mapema, kabla hujaanza kuumia. Chenye asili ya maji kinafaa na kondomu zote lakini hukauka haraka. Cha silikoni hudumu zaidi na nacho hakiharibu kondomu. Mafuta ya nazi, ya kupaka mwilini au ya mtoto yanaiharibu kondomu ya mpira. Epuka vyenye manukato na vile vya "kupasha joto".

Fangasi ukeni ni rafiki asiyealikwa wa wengi wetu. Antibiotiki zinaua bakteria wema wanaolinda uke, na sukari ikiwa juu, fangasi wanashiba. Muwasho, ute mweupe mzito kama maziwa yaliyoganda, kuungua ukikojoa: zikitokea kila baada ya antibiotiki za mshipa, mwombe daktari akupe dawa ya fangasi pamoja na antibiotiki badala ya kungoja. Dawa ya kupaka au ya kuweka ukeni, kama klotrimazoli, ndiyo ninayoipendelea. Kidonge cha flukonazoli ni rahisi kumeza, lakini kinapunguza kasi ya ini kuondoa modyuleta mwilini, na dozi ya modyuleta huenda ikahitaji kubadilishwa. Usikinunue dukani kimyakimya. Krimu nyingi za ukeni nazo hudhoofisha kondomu za mpira, kwa hiyo mpaka umalize dozi, pumzika au tumia njia nyingine. Na usijioshe ndani kwa sabuni wala dawa yoyote. Uke hujisafisha wenyewe.

Hatua ya 7: Chagua kinga ya mimba inayoelewana na dawa zako

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ushauri wa jumla unaotolewa kwa wanawake wote huweza kutudhuru.

Anza na orodha ya dawa. Kama unatumia Orkambi, mojawapo ya modyuleta, usitegemee homoni: iwe vidonge vya majira, kibandiko, sindano au kipandikizi cha mkononi. Kiambato chake kimoja, lumakafta, kinalichochea ini kuzimeng'enya homoni hizo haraka mno. Rifampisini na rifabutini, zinazotumika kwa baadhi ya maambukizi ya mapafu, zinafanya vivyo hivyo, na athari yake hubaki takriban wiki nne baada ya kuziacha. Modyuleta nyingine, yaani Kalydeco, Symdeko na Trikafta, hazina tatizo hilo. Antibiotiki nyingine tunazomeza mwaka mzima nazo hazivunji nguvu ya vidonge, ingawa uvumi wa kwamba zinavunja hauishi. Kinachovunja ni kutapika ndani ya saa 3 baada ya kumeza, au kuharisha vibaya kwa zaidi ya siku moja.

Kisha tazama mwili. Estrojeni, iliyomo kwenye vidonge vya kawaida, huongeza hatari ya damu kuganda. Kama una poti au mrija mwingine wa kudumu kwenye mshipa, shinikizo la juu la damu mapafuni, ini lililosinyaa, au kisukari kilichoharibu mishipa, estrojeni si yako. Sindano ya miezi mitatu hupunguza uzito wa mifupa, na sisi mifupa yetu tayari ni dhaifu kwa kukosa vitamini D na kwa steroidi. Daktari akikupa sindano bila kuuliza kipimo cha mifupa, muulize wewe.

Zinazobaki juu ya orodha kwa wengi wetu ni vitanzi. Kitanzi cha shaba hakina homoni kabisa, hivyo hakigombani na dawa yoyote, ila hedhi inaweza kuwa nzito. Kitanzi chenye homoni hufanya kazi palepale kwenye mji wa mimba, hupunguza damu, na nacho hakitegemei ini. Kipandikizi ni kizuri pia kama hutumii Orkambi wala rifampisini. Uwekaji wa kitanzi unauma kwa dakika chache. Omba dawa ya maumivu kabla, na mweleze anayekuweka kwamba unaweza kukohoa ghafla, asimamishe kazi ukinyosha mkono.

Kama unatumia Trikafta na homoni, na ngozi ikatoka vipele, jua kwamba vipele vya dawa hiyo vimeonekana zaidi kwa wanawake wanaotumia kinga za homoni. Ipigie simu kliniki siku hiyohiyo.

Kinga ikipasuka, kuna vidonge vya dharura: levonojestreli ndani ya saa 72, ulipristali hadi saa 120. Lakini kwa anayetumia Orkambi au rifampisini vidonge hivyo haviaminiki. Kitanzi cha shaba ndani ya siku 5 ndicho cha kukimbilia.

Hatua ya 8: Magonjwa ya zinaa na shingo ya kizazi

CF haikukingi na chochote. Azithromaisini unayomeza mara tatu kwa wiki si kinga ya klamidia wala kisonono, hata kama umesikia dawa hiyo ikitajwa kwenye matibabu yake. Kondomu, vipimo kila unapobadili mwenza, chanjo ya HPV (virusi vinavyoweza kuleta saratani ya shingo ya kizazi), kipimo cha shingo ya kizazi kwa ratiba. Ukishapandikizwa mapafu, dawa za kushusha kinga ya mwili zinawapa virusi vya HPV nafasi, hivyo kipimo hicho hufanywa mara nyingi zaidi. Moja ya dawa hizo, maikofenoleti, huharibu kijusi. Ukiitumia, usikae siku moja bila kinga ya uhakika.

Hatua ya 9: Kumwambia mwenza

Hakuna siku iliyoandikwa. Mimi husema kabla ya kuvua nguo kwa mara ya kwanza, kwa sababu kovu la poti litasema lenyewe. Maneno mafupi yanatosha: "Nina ugonjwa wa kurithi unaoitwa CF. Ute wangu ni mzito, ndiyo maana nakohoa. Hauambukizi. Ukiniona nakohoa sana, nipe maji na nafasi." Halafu nyamaza, mwache aulize. Swali lake la kwanza litakuambia mengi juu yake.

Huenda akauliza kama atapata bakteria wako. Mwenye mapafu mazima na kinga imara, busu halimdhuru. Ataonja chumvi, basi. Jasho letu lina chumvi nyingi mno, na kipimo cha jasho ndicho kilichotumika kuwatambua wengi wetu.

Ila kama mpenzi wako naye ana CF, hapo ni habari nyingine, na inauma. Tunaambukizana bakteria sugu kama Burkholderia, aina kali za Pseudomonas na Mycobacterium abscessus, ndiyo maana tunaambiwa tukae angalau mita 2 mbalimbali. Nimepokea ujumbe wa watu wawili waliopendana kwa simu na kutaka niwape njia. Sina njia ya kuwapa. Timu zenu zote mbili zijue kabla hamjakutana, si baada.

Na hamu ikipotea yenyewe? Tafuta chanzo kabla hujajilaumu: maambukizi yanayoanza, sukari, upungufu wa damu, dawa za sonona ambazo nyingi hupunguza ashiki. Modyuleta nazo zimebadilisha hali ya moyo kwa baadhi, na zimebadilisha miili. Kuna aliyekuwa na kilo 43 maisha yake yote, leo ana 58, na kila mtu anampongeza huku yeye hajitambui kwenye kioo. Hayo pia ni ya kumwambia mwanasaikolojia wa kliniki.

Hatua ya 10: Ukiitaka mimba

Anza miezi mingi kabla ya kuacha kinga. Timu itataka kujua nguvu ya mapafu. Ikiwa chini ya asilimia 50 ya inayotarajiwa hatari huongezeka, na shinikizo la juu la damu mapafuni ni sababu nzito ya kushauriwa usibebe. Pima kisukari hata kama hujawahi kuwa nacho, kwani mimba hukifichua. Anza asidi ya foliki angalau mwezi 1 kabla. Angalia vitamini A iliyomo kwenye vidonge vyetu maalumu, maana ikizidi humdhuru mtoto tumboni. Modyuleta usiziache kwa uamuzi wako. Kuna wanaozorota vibaya wakiziacha, na wanawake wengi wameendelea nazo ujauzito mzima chini ya uangalizi.

Mwenza wako apimwe vinasaba. Wewe utampa kila mtoto nakala moja yenye hitilafu, hilo halikwepeki. Mwenza asipokuwa mbebaji, yaani mtu mwenye nakala moja yenye hitilafu lakini haugui, watoto wote watakuwa wabebaji tu, wazima wa afya. Akiwa mbebaji, kila mimba ina nafasi ya 1 kwa 2 ya mtoto mwenye CF. Uliza maabara inatafuta hitilafu ngapi: vipimo vingi vya bei nafuu viliundwa kwa hitilafu zinazopatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya, na mwenza mwenye asili ya Afrika au Asia anaweza kupewa jibu la "hana" wakati anayo. Omba jeni nzima isomwe.

Mkijaribu miezi sita bila kitu, msingoje mwaka. Kwa kuwa kizuizi chetu mara nyingi ni ule ute wa mlangoni, mbegu zinaweza kuoshwa na kupitishwa kwa mrija mwembamba hadi ndani ya mji wa mimba, ukiruka mlango wenyewe. Inachukua dakika chache na haihitaji kulazwa usingizi. Siku hiyo safisha kifua vizuri kabla hujaenda, na mweleze daktari kwamba unahitaji kulala na mto wa ziada chini ya mgongo.